INI HUOTA UPYA: KOMPYUTA YASAIDIA KUPIGA HESABU



Wapendwa wasomaji, mtu akiumizwa sana moyoni husema, "Nimekatwa maini." Mwezi huu tutazungumzia ini lililokatwa kweli, kwa kisu cha daktari mpasuaji, na namna linavyoota upya. Tutaona pia jinsi wataalamu wanavyotumia kompyuta kutafuta kujua mapema kama sehemu iliyobaki itatosha kumwokoa mgonjwa.

Ini na kazi zake

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Limekaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Hutengeneza nyongo ya kusaidia kusaga mafuta, huweka akiba ya sukari, hutengeneza protini za kugandisha damu, na huondoa sumu mwilini. Figo tunazo mbili, lakini ini ni moja tu. Mtu akiondolewa ini lote bila kupandikizwa jingine, hawezi kuishi.

Hata hivyo, sehemu ya ini yaweza kukatwa. Daktari hufanya hivyo ili kuondoa uvimbe wa saratani, au mtu mzima anapokubali kumtolea mgonjwa kipande cha ini lake. Mwaka 1989 huko Brisbane, Australia, Dk. Russell Strong alifaulu kumpandikizia mtoto mdogo sehemu ya ini la mama yake. Mama anaweza kutoa zawadi kama hiyo na kuishi kwa sababu ini lake hukua tena.

Linaotaje?

Mwaka 1931 wataalamu wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliandika habari za panya waliowakata theluthi mbili za ini. Katika muda wa siku kumi hivi, ini la panya hurudia karibu uzito wake wa kwanza. Kwa binadamu, sehemu kubwa ya kukua hutokea katika wiki za mwanzo, na kazi huendelea kwa miezi kadhaa.

Tuelewe vizuri hapa. Mgomba ukikatwa hutoa chipukizi. Ini halifanyi hivyo: kipande kilichoondolewa hakirudi, bali sehemu iliyobaki hupanuka mpaka inatosha kwa kazi ya mwili.

Kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza, chembe hai za ini, ambazo kwa kawaida zimetulia, huamshwa na ishara zinazopita katika damu. Pili, zikiisha kuamka, hugawanyika: moja huwa mbili. Tatu, ini likifikia kipimo chake, ishara nyingine huziambia zisimame. Hatua hii ya tatu ni muhimu sana, kwa maana chembe zinazogawanyika bila kusimama ndizo zinazoleta saratani.

Kompyuta inaingiaje?

Mama mwenye busara akitazama magunia ghalani hupiga hesabu: tuko watu wangapi, tunakula debe ngapi kwa mwezi, je, tutafika mavuno? Asubiri ghala liwe tupu ndipo ajue? La. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo kwa ini. Huandika hesabu za chembe zilizotulia, zilizoamshwa na zinazogawanyika, na kasi ya kutoka kundi moja kwenda jingine. Hesabu hizo zikiwekwa katika kompyuta huitwa kielelezo. Kisha huuliza: Tukikata nusu itakuwaje? Tukikata robo tatu je? Jibu hulinganishwa na yale yaliyoonekana kwa wanyama au wagonjwa. Likipishana nayo, kielelezo hurekebishwa.

Mwaka 2009 wataalamu Furchtgott, Chow na Periwal walitoa kielelezo cha namna hiyo. Kilionyesha kwamba ini lililobaki likiwa chini ya asilimia 20, mzigo huzidi chembe zilizopo. Badala ya kukua, ini hupotea kabisa. Wakatumia hesabu zao kupendekeza njia za kuharakisha kukua, na njia ya kujaribu kuliokoa hata ini dogo namna hiyo.

Mwaka 2010 Hoehme, Drasdo na wenzao walitoa kielelezo kingine kilichoonyesha kila chembe na mishipa midogo ya damu. Kompyuta ilitabiri kwamba chembe mpya hujipanga kufuata mishipa hiyo, kama nyumba zinavyofuata barabara. Walipochunguza maini ya panya yaliyoharibiwa na sumu, wakaona ndivyo ilivyo. Hivyo ini halihitaji wingi wa chembe tu, lahitaji na mpangilio.

Faida kwa mgonjwa

Katika hospitali kubwa, kabla ya kupasua, madaktari hupima ukubwa wa ini kwa picha za mashine ya CT. Kwa mwenye ini zima, hutaka ibaki angalau asilimia 20 hivi. Kwa aliyetumia dawa kali za saratani, 30. Na kwa mwenye ini lenye makovu, 40. Sehemu itakayobaki ikiwa ndogo mno, wanaweza kuziba mshipa unaopeleka damu upande wa ugonjwa, ili upande mzima ukue kwanza.

Lakini vielelezo bado ni vyombo vya utafiti zaidi. Havichukui nafasi ya daktari, wala havijui kila jambo la mgonjwa.

Tusijidanganye

Wapo wanaosema, "Ini huota, basi tunywe tu." Hapana! Ini linaloharibiwa mwaka hata mwaka hujaa makovu, na ini la makovu hukua kwa shida. Ndiyo maana wengine huambiwa kwamba hawawezi kupasuliwa, hata kama uvimbe ni mdogo. Basi tufanye haya:

1. Watoto wapate chanjo zote za wiki 6, 10 na 14. Ndani yake imo kinga ya homa ya ini aina ya B.

2. Tuache ulevi.

3. Mahindi na karanga vikaushwe vizuri. Vilivyoota ukungu tusile, maana sumu yake huleta saratani ya ini. Mwaka 2004 nchini Kenya sumu hiyo iliwaua watu 125.

4. Tusizidishe vidonge vya parasetamoli, wala tusinywe dawa zisizojulikana kipimo chake.

5. Macho yakiwa ya manjano au tumbo likijaa maji, twende hospitali mapema.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kwa nini ini lenye makovu haliwezi kukatwa sana?

2. Ndugu akihitaji kipande cha ini, familia yapaswa kujua nini kabla ya mmoja kujitolea?

3. Katika kijiji chetu, mahindi hukaushwa na kuhifadhiwa namna gani?

Mungu ametupa ini lenye uwezo wa kujijenga tena. Tulitunze kabla halijafika kwenye kisu.