Dondoo muhimu: LibreOffice na Java kwenye Linux

LibreOffice, jamaa ya ile Jambo OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haihitaji Java kwa sehemu kubwa ya kazi zake. Inayoitegemea hasa ni Base, yaani programu ya hifadhidata, hivyo duka la steshenari la mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, linalochapa barua tu halina sababu ya kumaliza bando kwa kupakua Java. Mwenye kutunza orodha ya wadaiwa katika Base, akitumia Ubuntu au Debian, huandika amri «sudo apt install libreoffice default-jre», ambayo huchukua vyote viwili katika hazina rasmi na kuepusha mkanganyiko wa Java ya biti 32 na LibreOffice ya biti 64, ambazo hazifanyi kazi pamoja.