Pikipiki Hupimwa Ikisimama: Mafunzo Niliyopata Migori na Homa Bay

Wanaoandika kuhusu pikipiki hupenda kuzipima zikiwa mbioni: inafika kasi gani, inakata kona vipi, inapanda mlima vipi. Mimi naendesha kati ya Isebania na Mbita, na katika njia hizi mambo mengi huamuliwa pikipiki ikiwa imesimama. Imezama topeni Ndhiwa. Imepata pancha Nyatike saa nane mchana, wala hakuna mti wa kivuli. Imekauka mafuta kabla ya Muhuru Bay. Inangoja kuinuliwa iingie mashuani kwenda Mfangano. Hapo ndipo unapojua ulinunua nini, na kama fundi alikufaa au alikula pesa zako tu.

Yangu ni Honda CRF300L niliyoinunua mpya. Ni pikipiki ya lami na vumbi, silinda moja, sentimita za ujazo 286, gia sita, injini inayopozwa kwa maji. Ng'ambo huhesabiwa kuwa ya wastani, na wengine huiita ndogo. Huku, ambako karibu kila kinachonguruma ni Boxer ya 150 au chini ya hapo, ni dude. Ina uzito wa kilo 142 pamoja na mafuta. Gurudumu la mbele ni inchi 21, la nyuma 18, na chini ya injini kuna nafasi ya milimita 285. Lakini tarakimu mbili ndizo zilizonisumbua akili tangu mwanzo: kiti kiko milimita 880 kutoka ardhini, na tangi ni la lita 7.8.

1. Usiiguse hadi mvua ya masika ipite

Ukinunua vifaa siku unayonunua pikipiki, unanunua majibu ya maswali ya mtu wa California. Yeye ana mchanga na duka la vipuri kila mji. Nilibadilisha oili ilipofika kilomita 1,000, nikakaza spoki, nikaendesha. Kila kilichoniudhi nilikiandika kwenye daftari. Orodha iliyotoka humo ilikuwa fupi kuliko ile niliyokuwa nayo kichwani dukani, na bomba la moshi la kelele, ambalo kila rafiki alinishauri, halikuwemo kabisa.

2. Udongo mweusi ndio mtihani, na mguu ndio jibu

Anayejua Ndhiwa, bonde la Lambwe au Nyatike wakati wa mvua haambiwi. Ule udongo mweusi ukikauka hupasuka nyufa za kumeza kidole. Ukilowa huvimba, ukanata, ukapanda na gurudumu. Boxer ina madigadi iliyokaa karibu na tairi, kwa hiyo tope hujaa katikati na gurudumu la mbele likafunga kabisa. Waendesha bodaboda wengi huing'oa. Madigadi ya CRF iko juu, mbali na tairi, na hilo peke yake lilinipitisha mahali ambapo vijana walikuwa wameinama wakichokora tope kwa vijiti.

Tope halikati tamaa lakini. Linatafuta rejeta. Injini inayopozwa kwa maji ikiwa rejeta imefunikwa tope, na wewe uko gia ya kwanza, feni huanza kulia na joto la injini hupanda. Nimeweka wavu wa chuma mbele yake, na nabeba brashi ya kufulia nguo. Brashi hiyo imenisaidia kuliko vifaa vingine vyote nilivyolipia pesa nzuri.

Sasa mguu. Katika tope, pikipiki huanguka polepole, ikiwa karibu kusimama, na kinachoizuia ni unyayo wako kugusa chini sekunde ileile. Milimita 880 ni kimo kikubwa kwa mtu wa urefu wangu. Njia mbili zilikuwepo. Ya kwanza ni kubadilisha kiungo cha shoki ya nyuma ili pikipiki yote ishuke. Niliikataa, kwa sababu unapoteza ile nafasi ya chini ya injini uliyoilipia, stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno na inabidi ikatwe, na usukani unakuwa mzito. Ya pili ni kiti.

Nilikipeleka kwa mzee mmoja mjini Migori anayeshona viti vya bodaboda na makochi. Nilimwambia akipunguze. Alikikalia kwanza yeye mwenyewe, akanitazama miguu, akasema, "Kijana, ukipunguza kimo utakalia chuma. Tupunguze upana." Alivua kitambaa, akachukua ubapa wa msumeno wa chuma alioufunga mpini wa matambara, akaanza kunyoa sponji pembeni, pale mapaja yanapopita. Alinyoa kidogo, akaniita nikae, akanyoa tena. Katikati hakugusa. Kimo hakikubadilika hata kidogo, ila miguu sasa inashuka wima badala ya kupanuka, na nyayo zinafika. Bei yake haingetosha kununua jozi moja ya vioo vya pembeni.

Kuhusu tairi nitasema machache. Chukua zenye meno yaliyoachana, ili tope litoke lenyewe. Kwenye lami ya A1 kati ya Awendo na Rongo zinanguruma na kulika haraka. Vumilia. Presha naishusha hadi 18 hivi kwenye tope, si chini ya hapo, maana tairi la tyubu likikosa upepo huteleza juu ya rimu na kung'oa valvu.

3. Lita 7.8 ni hesabu ya watu wenye petroli kila kona

Hata Boxer ina tangi kubwa kuliko hili. Kwa mwendo wa upole pikipiki hii hula lita moja kwa kilomita 30 na zaidi kidogo, kwa hiyo kwenye karatasi unapita kilomita 200 bila wasiwasi. Tope na gia ya pili hazisomi karatasi. Toka Homa Bay mjini, pita Mbita, Sindo, Magunga, shuka hadi Karungu kisha Muhuru Bay, halafu urudi kwa njia ya ndani, ndipo utakapoanza kutikisa tangi ukisikiliza.

Petroli ipo vijijini, katika chupa za plastiki mezani kando ya barabara. Sina ubaya na wauzaji hao, wameniokoa. Ila kinachokaa chupani juani hukusanya vumbi na maji, na pikipiki isiyo na kabureta ina pampu ndani ya tangi isiyopenda uchafu. Zamani wasiwasi mkubwa ulikuwa mafuta ya taa kuchanganywa humo, hadi serikali ilipotoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili biashara hiyo ipoteze faida. Mimi humiminia kupitia faneli yenye kitambaa laini, na muuzaji akinicheka namcheka pia.

Matangi makubwa ya plastiki yanauzwa nje ya nchi, na toleo la Rally la pikipiki hiihii lina lita 12.8. Sikununua tangi. Nilitengenezewa kishikilia cha mtungi wa lita 3 upande wa kushoto, chini kadiri ilivyowezekana, kwa kuwa bomba la moshi liko kulia. Mafuta yanayokaa juu huitingisha pikipiki iliyosimama. Yakikaa chini, huyahisi.

4. Usifunge kitu ambacho fundi wa Ndhiwa hawezi kukichomelea

Keria za alumini zinapendeza. Zikivunjika, utatafuta wa kuchomelea alumini hadi Kisii, pengine Kisumu. Chuma kinachomelewa sokoni kokote kwenye umeme au jenereta. Kwa hiyo keria yangu ni ya chuma, gadi za pembeni ni za chuma, na sahani ya kukinga injini ni bati nene la milimita 3 lililokatwa na fundi wa Rongo. Kabla hajalikata nilimwomba jambo moja: atoboe shimo mkabala wa nati ya kumwagia oili. Alikuwa ameshaliona, akanionyesha alama ya chaki. Sahani hiyo ilijilipia kwenye njia ya mawe ya kwenda Thimlich Ohinga, yale maboma ya mawe makavu ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Mawe ya barabarani hayana mpangilio kama yale ya kuta.

Kanuni hii ina mipaka yake. Tairi la inchi 21 huku ni geni: bodaboda zina inchi 17, na hakuna kibanda kinachoweka tyubu yako. Beba yako. Beba ya 21, kwa sababu ukibanwa itaingia kwenye tairi la nyuma la 18 hadi ufike nyumbani, lakini ya nyuma haitakufaa mbele. Cheni pia ni saizi ya 520, ilhali ya Boxer ni 428, kwa hiyo kiungo cha akiba kikae mfukoni. Na pima spana ya ekseli ya nyuma kabla hujatoka; ya fundi wa kijijini huenda isitoshe.

Kuziba pancha, hata hivyo, mwachie yeye. Kijana mmoja karibu na Macalder aliibana tyubu yangu kwa klempu yenye pistoni kuukuu juu yake, akatia petroli kidogo ndani ya pistoni, akawasha moto. Tulikaa tukiutazama hadi ukazima wenyewe. Kiraka kilikuwa kimeyeyuka na kushikana na tyubu, hukioni mwanzo wala mwisho. Viraka vya gundi nilivyokuja navyo kutoka Nairobi vilikuwa vimebanduka kwa joto la siku hiyohiyo.

5. Nguvu huongezwa kwa sproketi

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwenye kimo hicho. Huwezi kuirudisha kwa bomba la kelele. Nilichofanya ni kutoa sproketi ya mbele ya meno 14 na kuweka ya 13. Mvuto wa chini unaongezeka kwa karibu asilimia 8, na kwenye vilima vya Gwassi, pale unapolazimika kuanza mwendo kutoka kusimama juu ya kokoto, klachi haiungui tena. Kwenye A1 injini inalia zaidi kidogo. Malori ya miwa ya Awendo yatakupunguzia mwendo hata hivyo.

6. Springi zipimwe na mzigo wako

Mimi si mwepesi, na nikiongeza zana, maji na mtungi, nyuma hushuka. Mwenzako ashike utepe wa kupimia: pima pikipiki ikiwa imeinuliwa, kisha ukiwa umeikalia na mizigo yote. Tofauti ikizidi theluthi ya mwendo wa springi, ambao hapa ni milimita 260, kaza ya nyuma. Isipotosha, nunua springi nzito. Ni kazi ya nusu saa, na wengi hawaifanyi.

7. Lambwe, vaa rangi ya udongo

Ruma, katika bonde la Lambwe, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, kilomita za mraba 120 za nyasi, na ndiyo makao ya swala korongo wa mwisho wa Kenya. Ni makao ya mbung'o pia. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo huwavuta, na jaketi nyingi za pikipiki dukani ni za buluu na nyeusi. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, halafu hukuuma unaposimama kufungua chupa ya maji. Yangu ni ya kahawia, na juu yake kizibao cha kumulika ambacho sheria inakitaka.

8. Mashua hupima uzito bila mizani

Rusinga kuna daraja. Mfangano hakuna, na pikipiki huvushwa kwa mashua za mbao kutoka Mbita. Wanaume wanne huingia majini hadi magotini na kuiinua. Kilo 142 waliziinua wakiendelea na mazungumzo yao. Ningekuwa na Royal Enfield Himalayan 450, yenye kilo 196, bila shaka tungezungumzia bei upya. Kabla ya safari ya pili nilifunga mikanda miwili ya turubai, mmoja kwenye shingo ya usukani na mwingine kwenye keria, ili wasishike taa wala plastiki. Mzee wa mashua aliivuta mikanda, akaitikia kwa kichwa, akawaambia vijana wake washike hapo tu.

9. Mpe dereva wa bodaboda aikague

Si aiendeshe. Aikague. Nilimwomba mmoja wa Sori, mtu mzima aliyekaa kwenye kazi hiyo miaka mingi. Alichuchumaa akabonyeza cheni, akatikisa gurudumu la mbele kushoto na kulia akisikiliza beringi, akakandamiza kiti kwa ngumi, akahesabu boliti za keria. Aliuliza sahani za klachi zinauzwa wapi. Nikamwambia Nairobi.

"Na ikiungua uko hapa?"

"Nitangoja gari la mizigo."

"Basi, mkubwa, agiza sasa uziweke nyumbani," akasema akijipangusa magoti. "Hizo nyingine zote tutakutengenezea."

Niliagiza juma hilohilo, pamoja na waya wa klachi wa akiba, ambao nimeufunga sambamba na ule unaotumika ili ukikatika nibadilishe ncha mbili tu.