Nguzo, Paa na Upepo: Kupanga Nyumba ya Kiunzi cha Mbao

Nyumba ya kiunzi cha mbao ni ile ambayo nguzo na boriti ndizo zibebazo paa. Ukuta, uwe wa udongo au wa mbao, hujaza nafasi tu. Kwa maana hiyo jambo hili si geni Endagikot, wilayani Mbulu. Nyumba za kale za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima ili zisionekane upesi na wavamizi, zilikuwa na paa bapa la udongo lililosimama juu ya nguzo nyingi.

Kilicho kigeni ni bati. Aghalabu mjenzi huchukua nguzo zile zile zenye panda, akabadili paa peke yake. Hesabu fupi yatosha kuonyesha kosa lililomo.

Tuchukue nguzo zilizopangwa kwa miraba ya mita 2 kwa mita 2. Kila nguzo ya ndani huhudumia mita za mraba 4 za paa. Udongo wenye unene wa sentimita 15, na uzito wa kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, huleta kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Nguzo moja basi hubeba kilo 960, karibu tani nzima. Mzigo huo hukandamiza chini daima, na panda ya mti huushika bila msumari.

Bati, pamoja na papi na kenchi zake, tulikadirie kilo 15 tu kwa mita ya mraba. Je, upepo? Mgandamizo wake, kwa nyutoni katika mita ya mraba, ni nusu ya densiti ya hewa mara kasi mara kasi. Katika nyanda za juu za Mbulu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani: karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo, badala ya 1.2. Dhoruba ya mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, hutoa nyutoni 450, sawa na uzito wa kilo 45. Ipitapo juu ya paa lenye mwinuko mdogo, yaweza kulifyonza juu kwa nguvu inayokaribia kiasi hicho. Tukiondoa kilo 15 za paa, zinabaki 30. Kwa nguzo yetu ni kilo 120, nazo zinavuta juu. Hapo panda haina msaada wowote. Boriti hunyanyuka kama chungu kutoka mafigani.

Yafaa basi mpangaji achore nguzo kabla ya vyumba, na kila kiungo akiulize maswali mawili: nini kinakukandamiza, na nini kinakung'oa? Boriti ifungwe kwenye nguzo kwa ukanda wa chuma uliopigiliwa misumari pande zote mbili. Nguzo nayo ifungwe kwenye msingi. Shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 60, likijazwa zege lina kilo 130 hivi, zinazozidi kidogo tu zile 120. Nguzo isizikwe ardhini. Ikae juu ya zege kwa kushikwa na chuma, mchwa wasiifikie kwa siri. Katika kila pembe ya nyumba uwekwe mti wa mshazari, kwa kuwa mraba huyumba na pembetatu haiyumbi.

Mlango nao una hesabu yake. Ukielekea utokako upepo na ukaachwa wazi, hewa huingia na kulisukuma bati kwa ndani, na nguvu mbili hujumlishwa. Miti iliyosimama peke yake vilimani huonyesha, kwa kuinama kwake, pepo kali hutoka wapi. Mwanafunzi aitazame kabla ya kushika rula.

Zoezi: Nguzo zikipangwa mita 2.5 kwa mita 3, kila nguzo ya ndani itavutwa juu kwa kilo ngapi, na shimo lake la zege liwe na ukubwa gani?