Usiitupe Neema: Mafundisho ya Islam juu ya Vitu vya Nyumbani

Watu wanaoichunguza dini ya Islam huuliza habari za sala, saumu, ndoa na urithi. Ni wachache wanaouliza dini hii ina neno gani juu ya shati lililochanika, chakula kilichobaki sahanini, au shimo la taka lililo nyuma ya nyumba. Baadhi yao hudhani kwamba mambo hayo ni ya bwana afya na baraza la mji, wala hayahusiani na roho. Lakini dini iliyo kamili haimwachi mtu mlangoni pa msikiti. Humfuata mpaka jikoni kwake, ikamwonyesha njia ya kumpendeza Mola wake hata katika mambo yaonekanayo madogo. Somo la mwezi huu linaeleza jambo hilo kwa manufaa ya ndugu walioingia karibuni katika Jumuiya na ya wale wanaoendelea kuuliza.

Mafundisho ya Kurani Tukufu

Kwanza ifahamike kwamba katika kutaja aya tunahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Basi mwenye msahafu usiohesabu hivyo atazame nambari moja nyuma.

Katika sura Bani Israil (17:27-28) Mwenyezi Mungu anaamuru kwamba jamaa, maskini na msafiri wapewe haki zao, kisha anakataza ubadhirifu, na anawaita wabadhirifu kuwa ni ndugu za mashetani. Msomaji autazame vizuri mpango wa maneno hayo. Amri ya kutoa imetangulia, na katazo la kutapanya likafuata. Maana yake ni kwamba anayetapanya mali hatupi kilicho chake peke yake. Anatupa na haki ya mwingine iliyokuwa ndani yake. Kisha aya inamalizia kwa kutaja kwamba Shetani hakumshukuru Mola wake. Basi mzizi wa kutapanya ni kukosa shukrani.

Kuna maneno mawili ya Kiarabu ambayo yafaa kuyatenga. Israfu ni kupita mpaka katika jambo ambalo asili yake ni halali, kama kula, kuvaa na kunywa. Kurani Tukufu inaruhusu kula na kunywa, lakini inakataza kupita kiasi (7:32). Ubadhirifu, ambao kwa Kiarabu ni tabdhiri, unatokana na neno la kutawanya mbegu. Mkulima anayetupa mbegu ovyo bila kujali zinaangukia mwambani au njiani ndiye mfano wa mbadhirifu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa maskini na bado akawa mbadhirifu, kwa maana hesabu haipo katika wingi wa alicho nacho, ila katika namna anavyokitumia.

Tena katika sura Nahl (16:93) umetolewa mfano wa mwanamke aliyeukata vipande vipande uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mfano huo ulitolewa kwa ajili ya wanaovunja ahadi, lakini unamgusa kila mwenye kuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Shati moja lina ndani yake jasho la aliyelima pamba, la aliyesokota, la aliyefuma na la aliyeshona. Kulitupa kwa sababu ya kifungo kimoja ni kuzidharau kazi za watu hao wote.

Mwenendo wa Mtume Mtukufu s.a.w.

Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alikuwa kiongozi wa dini na mtawala wa Madina. Hata hivyo Bibi Aisha r.a. alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake. Na katika mapokezi mengine imetajwa kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake mwenyewe. Basi nani awezaye kusema kwamba sindano na uzi ni aibu kwa mwanamume?

Anas bin Malik r.a. amesimulia, na Imamu Bukhari ameandika, kwamba kikombe cha Mtume s.a.w. kilipopasuka, pale penye ufa paliungwa kwa mkufu wa fedha. Kikombe hakikutupwa, bali kilitengenezwa kikaendelea kutumika.

Safari moja Mtume s.a.w. alirudi nyumbani akakuta pazia lenye sanamu, na hakupendezwa nalo. Bibi Aisha r.a. alilikata, akafanya mto mmoja au miwili ya kuegemea. Kitambaa kilichokuwa hakifai kwa kazi moja kilifaa kwa kazi nyingine.

Ibn Abbas r.a. naye anasimulia habari ya kondoo aliyepewa sadaka mwanamke mmoja, mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna r.a., kisha kondoo huyo akafa. Mtume s.a.w. alipomwona ametupwa aliuliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake, wakaitengeneza na kunufaika nayo. Wakajibu kwamba alikuwa mzoga. Akawafahamisha kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Hapa pana fundisho kubwa: hata pale sheria ilipoharimisha sehemu, mwenye akili hutafuta sehemu iliyobaki na faida. Kitu hakiwi taka kwa ukamilifu wake mpaka kila faida yake imekwisha.

Juu ya chakula, aliagiza kwamba tonge likianguka liondolewe uchafu na kuliwa, wala lisiachiwe Shetani, na sahani isafishwe, kwa kuwa mtu hajui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chake. Na juu ya maji, imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alitawadha kwa mudi moja, yaani kama theluthi mbili za lita, na akaoga kwa kiasi cha mudi nne mpaka tano. Tukilinganisha, debe moja la lita ishirini lingemtosha kuoga mara tano au zaidi.

Je, huu si ubahili?

Mwulizaji anaweza kusema: "Mnataka watu wawe mabahili, wavae matambara na kuhifadhi kila kopo." Jibu ni kwamba Islam imekataza pande zote mbili. Waja wa Mwingi wa Rehema wamesifiwa kwamba watoapo hawapiti kiasi wala hawafanyi uchoyo, bali hushika njia ya katikati (25:68). Bahili huziba mkono ili mali ibaki kwake. Muumini huziba tundu ambalo mali inavujia, ili apate cha kutoa. Kwa macho watu hao wawili waweza kufanana, maana wote wawili wanatia kiraka, lakini tofauti yao huonekana jirani anapobisha hodi.

Historia ya Jumuiya yetu inashuhudia hayo. Mwaka 1934 Hazrat Mirza Bashir-ud-Din Mahmud Ahmad, Khalifa wa Pili wa Masihi Aliyeahidiwa a.s., alianzisha mpango wa Tahrik-e-Jadid. Katika aliyowataka Waahmadiyya ni maisha ya usahili: kutosheka na chakula cha aina moja katika mlo, na kuacha anasa za mavazi na mapambo. Hakuwataka wajinyime ili fedha ilale sandukuni. Kilichookolewa kilitolewa kwa ajili ya kuieneza Islam katika nchi za mbali. Hivyo kitoweo cha pili kilichoachwa mezani kiligeuka kuwa nauli ya mbashiri.

Lakini hapa ipo hatari ambayo yafaa kuonywa. Wako watu ambao, wakichoka na nguo iliyooza au chungu kilichotoboka, humpelekea maskini na kuita sadaka. Kurani Tukufu imekataza kukusudia kilicho kibaya katika kutoa, kitu ambacho mtoaji mwenyewe asingekipokea ila kwa kufumba macho (2:268). Kwa hiyo nguo ifuliwe, ishonwe na kukunjwa vizuri kabla ya kutolewa. Ikiwa haifai tena kuvaliwa na mtoto wako, ikate iwe tambara la kupigia deki. Nyumba ya maskini si jaa la taka zetu.

Namna ya kuyatenda haya nyumbani

Wazee wetu wa pwani na bara hawakuwa wageni wa jambo hili. Khanga ilianza kwa kuvaliwa, ikawa mbeleko, ikawa nepi, na mwisho ikawa kata ya kujitwikia ndoo au tambara la kushikia sufuria. Kopo lilifanywa koroboi, na tairi la gari likawa katambuga. Kiporo cha wali kilipashwa moto asubuhi. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, na desturi hizo zimeanza kuonwa kuwa ni alama ya ufukara. Msomaji na azirudishe kwa hatua hizi.

1. Apime kabla ya kununua na kupika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 ulimwenguni kilitupwa chakula cha tani bilioni 1.05, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Basi lawama si ya mahoteli na maduka tu. Kinachobaki kifunikwe na kuhifadhiwa upesi, kiliwe kabla hakijachacha, au apewe jirani kingali kizuri.

2. Atengeneze mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono uliofumuka hudai nukta chache leo; ukiachwa, hudai nguo nzima kesho. Fundi cherehani, fundi viatu na fundi baiskeli hupata riziki ya halali kwa kila kitu tunachokataa kukitupa.

3. Akitumie tena, kwa uangalifu. Chupa na makopo ya chakula hufaa kuhifadhia nafaka na chumvi. Lakini chombo kilichotiwa dawa ya kuua wadudu au mafuta ya mashine kisitiwe kamwe maji ya kunywa wala chakula, hata kikioshwa mara saba. Kuokoa senti kwa kuhatarisha uhai si uwekevu.

4. Arudishe ardhini kilichotoka ardhini. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai na maganda ya mayai yawekwe shimoni kwa tabaka pamoja na majani makavu, yanyunyiziwe maji na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi kadhaa huwa mbolea. Nyama na mafuta visitiwe, kwa kuwa huleta panya na harufu.

5. Atenge vinavyoweza kuyeyushwa. Chuma chakavu, chupa za kioo na alumini vina wanunuzi. Kuyeyusha alumini ya zamani hutumia kama sehemu moja tu katika ishirini ya nguvu itumikayo kuipata mpya kutoka mawe ya mgodini. Plastiki isichomwe uani, maana moshi wake una sumu, nao huingia kwanza katika mapafu ya watoto wa nyumba hiyo hiyo. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019. Basi mwenye kurudia kikapu cha ukindu anatii sheria ya nchi na anafuata busara ya bibi yake.

Kisha yanayobaki, ambayo hayana faida tena, yasitupwe njiani. Mtume Mtukufu s.a.w. alihesabu kuondoa kinachoudhi njiani kuwa ni tawi la imani. Ikiwa kuondoa ni imani, je, kuweka ni nini?

Hitimisho

Ndugu msomaji, Kurani Tukufu inatuambia kwamba siku ile tutaulizwa juu ya neema (102:9). Neema hizo ni pamoja na maji ya ndoo, mkate wa jana na shati lenye kiraka. Mwenyezi Mungu ameahidi kuwazidishia wenye kushukuru (14:8), na shukrani ya ulimi peke yake haitoshi ikiwa mkono unatupa. Mwenye kutaka kuanza na aanze leo kwa jambo moja: alitazame kapu lake la taka kabla ya kulimwaga, na ajiulize ndani yake mna haki ya nani.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa miongoni mwa wanaozithamini neema Zake na kuzifikisha kwa wenye haki nazo. Amin.