Kunakili si Kubeba: Somo la Flashi na Leseni za Programu katika Shule ya Msingi

Mwalimu wa kijijini aliyemaliza kutunga mtihani wa muhula, akapanda gari kwenda Kiomboi, Manyoni au Singida mjini ili ukapigwe chapa, ni mtu tunayemfahamu sote katika mkoa huu. Zamani alikwenda na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Siku hizi mara nyingi huenda na flashi mfukoni. Katika duka la steshenari kijana wa dukani huipokea flashi hiyo, huichomeka katika kompyuta, huiweka faili ya mtihani juu ya uso wa kompyuta yake, huifungua, huchapa nakala moja na kuizalisha kwa wingi. Mwalimu hulipa, hurudishiwa flashi yake na kwenda zake akiamini kwamba alichokwenda nacho amerudi nacho.

Kwa kweli yametokea mambo matatu ambayo hakuyaona. Mtihani wake umebaki pale dukani. Yawezekana kirusi kilichokuwa katika kompyuta ya duka sasa kimo katika flashi yake, na kesho kitaingia katika kompyuta ya mwalimu mkuu. Na yawezekana programu iliyoufungua mtihani huo imewekwa pale bila leseni. Vitabu vingi huyatenga mambo haya katika sura tatu: usiri, virusi na hakimiliki. Sisi tunaona kwamba ni jambo moja, na kwamba mwanafunzi wa Darasa la Tano anaweza kulielewa hata katika shule isiyo na kompyuta hata moja. Jambo lenyewe ni tofauti kati ya kubeba kitu na kukinakili.

Kabla ya kuingia darasani yafaa mwalimu mtarajiwa ajue historia kidogo. Nchi yetu ilichelewa kuizoea mitambo hii. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje, na ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kuondolewa. Wengi wetu tulizikuta kompyuta zikiwa tayari na programu ndani yake, kama nyumba iliyokwisha kuwekwa samani, wala hatukuwahi kuuliza samani hizo ni za nani. Diski laini tulizotumia mwanzo zilichukua megabaiti 1.44 tu. Flashi za kwanza kuuzwa, mwaka 2000, zilichukua megabaiti 8, yaani diski tano na nusu hivi. Flashi ya gigabaiti 32, ambayo leo huuzwa hata kwenye meza za vituo vya mabasi, inachukua zaidi ya diski 22,000. Mpe mwanafunzi hesabu hiyo aifanye mwenyewe ubaoni. Ni zoezi zuri la kugawanya, na litamwonyesha kwa nini kunakili kumekuwa kazi ya dakika moja.

Somo lenyewe huanza na kipande cha chaki. Mwambie mwanafunzi wa mbele ampe chaki mwenzake wa nyuma, kisha uliulize darasa: chaki iko kwa nani? Jibu ni moja. Sasa mpe yule wa mbele karatasi yenye tarakimu nne na umwambie ampe mwenzake tarakimu hizo. Yule wa nyuma atazinakili katika daftari lake. Uliza tena: tarakimu ziko kwa nani? Hapo darasa hugawanyika, na mwalimu asiwe na haraka ya kuamua. Waache wabishane. Ubishi huo ndio somo. Wakikubaliana kwamba tarakimu ziko kwa wote wawili, mwambie wa mbele aichane karatasi yake, kisha uulize kama tarakimu zimekwisha.

Kutoka hapo kuelekea kwenye steshenari si mbali. Waeleze kwamba flashi haikubeba mtihani kama mtoto anavyobeba chaki. Iliutoa unakiliwe, kama mtoto alivyozitoa tarakimu. Kufuta faili nako si kama kuchana karatasi. Kompyuta inapofuta faili kwa kawaida huiweka kwanza katika pipa la taka, ambamo yeyote anaweza kuitoa. Na hata pipa likimwagwa, kompyuta huandika tu kwamba nafasi ile iko wazi, na mara nyingi maandishi yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni sawa na mwalimu aliyekata jina la mwanafunzi katika orodha ya darasa. Jina limekatwa, mwanafunzi bado yuko kwenye dawati. Kwa mwalimu hili si jambo dogo. Mtihani ukivuja, wa kwanza kuulizwa ni aliyeutunga.

Baada ya hapo liendee suala la virusi. Andika katika kipande cha karatasi methali yoyote, na chini yake maneno haya: "Kila unaponakili kitu chochote, nakili na maneno haya pia." Mpe mwanafunzi mmoja ainakili methali, kisha yeye na mwenzake wawape wawili wengine, na kadhalika. Mwanzo anayo mmoja, kisha 2, 4, 8, 16, na baada ya duru ya tano 32. Tulipolijaribu zoezi hili wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja alinakili maneno yale hata chini ya hesabu yake ya sehemu, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Darasa zima lilicheka. Hakukuwa na maelezo bora zaidi ya kirusi cha kompyuta kuliko kicheko kile. Kirusi ni maagizo ya kunakili yaliyojificha ndani ya kitu ambacho mtu alikihitaji.

Walimu watarajiwa wajue pia kirusi kinachowasumbua wengi zaidi. Hiki huzificha folda za mwenye flashi na kuweka mahali pake alama za njia ya mkato zenye majina yale yale. Mwalimu akibonyeza alama hiyo, yeye mwenyewe ndiye anayekiamsha kirusi. Mara nyingi faili zake hazijapotea, zimefichwa tu. Kwa hiyo asikubali fundi wa kwanza anayemwambia kwamba dawa ni kuisafisha flashi yote.

Sasa tunafika penye ugumu, yaani leseni. Ukisema tu kwamba kutumia programu bila leseni ni wizi, watoto watajibu "ndiyo, mwalimu," na hakuna kitakachokuwa kimefundishwa, kwa sababu akili yao imekwisha kuona kwamba anayenakili hamnyang'anyi mwenye kitu. Ni lazima warudi kwenye zile tarakimu. Mtu aliyekesha akiandika programu hawezi kuiuza kama anavyouza debe la alizeti, maana mnunuzi wa kwanza anaweza kuwanakilia watu elfu. Kwa hiyo anachouza ni ruhusa. Ruhusa hiyo ikiandikwa pamoja na masharti yake, ndiyo leseni. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine.

Ili masharti yaonekane, gawa karatasi za aina mbili zenye fumbo la hesabu. Ya kwanza iwe imeandikwa: "Atumie mmoja tu, asimpe mwingine." Ya pili: "Tumia, nakili, rekebisha na ugawe; lakini unayempa, mpe na ruhusa hii hii." Sharti hili la pili halikubuniwa na sisi. Ndilo kiini cha leseni ambayo Mmarekani Richard Stallman aliitoa mwaka 1989 kwa ajili ya programu huria, na ambayo Linux inatumia mpaka leo. Watoto hugundua upesi kwamba karatasi zote mbili zina masharti, na kwamba programu huria si programu isiyo na mwenyewe.

Katika mkoa wa wakulima wa alizeti mfano wa mbegu hujitokeza wenyewe. Kuna mbegu ambayo mkulima huweka akiba katika mavuno yake na kuipanda tena, na kuna mbegu chotara ambayo ni lazima ainunue upya kila msimu. Tunaukubali mfano huu, lakini tunaonya kwamba unachechemea mguu mmoja: mbegu chotara ikirudiwa hudhoofika kwa asili yake, ilhali nakala ya programu haidhoofiki hata kidogo. Kinachokosekana ni ruhusa tu.

Au tuseme, karibu ruhusa tu. Baada ya kuzigawa zile karatasi, mwalimu atangaze kwamba fumbo lina kosa, na kwamba masahihisho watapewa wale tu ambao majina yao yamo katika orodha yake. Walionakili kwa siri wafanye nini? Wakijitokeza watajulikana, na wakinyamaza watabaki na kosa. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta nyingi zenye programu zilizovunjwa kufuli. Aliyeivunja mara nyingi huzima masahihisho yanayotoka kwa mtengenezaji ili asigunduliwe, na tundu ambalo masahihisho yangeliziba hubaki wazi. Tena ile programu ndogo ya kuvunjia kufuli yenyewe huja na kirusi mara nyingi. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta za nchi nyingi kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa masahihisho yake tangu Machi mwaka huo huo. Hata mwenye leseni halali asilale: masahihisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda, na kompyuta nyingi za misaada zilizomo mashuleni haziwezi kuipokea Windows 11.

Hatutaki kujifanya watakatifu. Bei za programu hizi hupangwa kwa kuangalia mifuko ya watu wa nchi nyingine, na mwalimu anayeanza kazi hawezi kulaumiwa kwa kuikuta shuleni kompyuta ambayo mwingine aliiweka bila leseni. Lakini anaweza kumweleza mwalimu mkuu hali ilivyo, na anaweza kuweka LibreOffice, ambayo ni halali na haina malipo. Wala programu huria si ngeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno yote ya Kiswahili. Inasikitisha kwamba wengi wa walimu wetu hawakupata kuiona.

Kuna usumbufu mmoja ambao mwalimu atakutana nao mara moja. Mtihani ulioandikwa kwa LibreOffice ukifunguliwa dukani kwa programu nyingine, mistari husogea, na mchoro wa swali la tano hujikuta chini ya swali la saba. Auhifadhi pia katika muundo wa PDF, na faili hiyo ndiyo aende nayo dukani, katika flashi isiyo na kitu kingine ndani yake. Aombe ichapwe moja kwa moja kutoka katika flashi bila kuwekwa kwanza katika kompyuta, akiwa amesimama pale pale. Akirudi aisafishe flashi hiyo kabla ya kuichomeka shuleni, maana safari hii ndani yake hamna cha kupotea.

Somo lote halitoshi katika kipindi kimoja cha dakika 40. Chaki, tarakimu na methali zichukue kipindi cha kwanza. Fumbo na leseni viachwe kwa siku nyingine. Na mwalimu ajiandae kwa swali ambalo sisi tuliulizwa na msichana wa safu ya nyuma: kama kunakili bila ruhusa kuna kosa, mbona mwalimu anatuandikia ubaoni maswali ya kitabu ambacho shule haikununua?