Mume wangu anauza gari, lakini hataki liondoke

Kwako shangazi,

Ninaishi Njiru, si mbali na barabara ya Kangundo. Mume wangu ni mekanika. Miaka mingi iliyopita alinunua gari la Kitaliano, Alfa Romeo 1750 GTV la mwaka wa 1970, likiwa mabati yaliyooza tu. Amelitengeneza pole pole nyuma ya nyumba hadi sasa ungedhani limetoka kiwandani jana. Pesa za vipuri alikopa kwa sacco na mimi ndiye mdhamini wake. Mwaka huu kifungua mimba wetu anaingia chuo kikuu, tukakubaliana gari liuzwe. Shangazi, kila mnunuzi anayekuja ana kasoro. Mmoja alibamiza mlango, akafukuzwa. Mwingine alikubali milioni nne aliyoitishwa, kulipokucha akaambiwa ni nne na nusu. Nikimuuliza, hanijibu, anaingia chini ya gari na tochi yake. Huyu mtu ananipenda mimi au gari?

Mama Wawili, Njiru

Mama Wawili,

Hilo swali la mwisho liweke kando kwanza. Mwanamume anayekubali kuuza kazi ya miaka mingi ili mtoto asome hajasahau nyumba yake. Kinachomsumbua ni kitu kingine, na nadhani nakifahamu.

Gari hilo lina ukoo. Umbo lake lilichorwa na Giorgetto Giugiaro akiwa bado kijana mdogo katika kampuni ya Bertone, na la kwanza la aina hiyo lilizinduliwa mwaka wa 1963. La mume wako lina injini ya alumini ya cc 1779, kamshafti mbili juu yake na kabureta mbili ambazo lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Lilikuja na gia tano na breki za diski kwenye magurudumu yote manne, wakati magari mengi barabarani kwetu yalikuwa na gia nne na breki za ngoma nyuma. Lakini bati lake halikuwa na bahati. Kutu huanza ndani kwa ndani, chini ya milango, ikala sakafu na matao ya magurudumu huku rangi ya juu ingali inang'aa.

Fundi wa njia ya mkato hujaza pati kwenye matundu hayo, akapiga msasa na kupulizia rangi, na mnunuzi hagundui hadi mvua mbili zipite. Fundi wa kweli hukata bati lote lililooza, akafinyanga jingine kwa nyundo, akachomelea, akasaga mshono hadi usionekane. Kisha anapaka rangi juu yake, na kazi yake bora kuliko zote inafichika. Wanaokuja kwenu wanatazama rangi na kuuliza bei. Hakuna aliyelala chini kutazama alichokifanya pale. Ndiyo maana mlango ukibamizwa anaumia: anajua ni mara ngapi aliuvua na kuurudisha ndipo ukakubali kufungwa kwa kidole.

Basi mpeleke kwa wanaojua kutazama. Tangu 1970, klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo hapa Kenya imekuwa ikiandaa Concours d'Elegance, mashindano ya magari na pikipiki ambayo siku hizi hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, kwa kawaida mwezi wa Septemba. Waamuzi hukagua nje, ndani, injini, hata uvungu, na kutoa alama. Hao ndio watu ambao mume wako amewasubiri bila kujua, na miongoni mwao na marafiki zao ndimo alimo mnunuzi ambaye hatabamiza mlango. Ikiwa mwezi huo uko mbali, asiungoje. Awatafute wanachama sasa, awaalike Njiru waje kulikagua. Na awe na picha za kila hatua, tangu lilipokuwa limeoza, pamoja na risiti za vipuri. Picha ya sakafu iliyokatwa itamtetea kuliko maneno yake yote.

Nikishamtetea hivyo, nakuambia wazi kwamba ile nusu milioni ya asubuhi ilikuwa makosa. Mtu akiitisha bei, mwenzake akaikubali, ameshatoa neno lake. Mwambie hivyo, kwa upole, ila usilizungushe. Mwambie pia kwamba wewe si mtazamaji: mkopo ukikwama, sacco itafuata akiba yako. Isitoshe, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu malezi na kazi za nyumbani kuwa mchango. Miaka yote aliyokuwa chini ya gari, kuna aliyepika na kuoshea watoto. Sikuambii haya ili umshtaki. Nataka ukae naye mezani ukijua kwamba una haki ya kukaa hapo.

Mkikaa, andikeni mambo mawili: bei ya chini kabisa ambayo hamtashuka, na tarehe ambayo haitapita. Bei isihesabiwe kwa jasho lake, maana hakuna anayeweza kulilipa. Ihesabiwe kwa kile mjuzi wa magari hayo atakachosema baada ya kulikagua.

Makaratasi msiyachezee. Jina kwenye logbook liwe lake, si la yule aliyemuuzia mabati. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na rekodi za NTSA. Kama injini ilibadilishwa au rangi si ile ya zamani, hilo liandikishwe kabla mnunuzi hajaja, kwa sababu ndipo mauzo mengi ya magari kuukuu hukwama. Pesa ziingie benki na zithibitishwe ndipo akubali kuhamisha umiliki kwenye eCitizen. Deni la sacco lilipwe siku hiyo hiyo, kabla ya karo, kabla ya chochote.

Mpe nafasi ya kumweleza mnunuzi kila kitu, hata ikichukua mchana mzima. Lakini akikataa kuandika tarehe, waiteni wasimamizi wa ndoa yenu wakae nanyi, kisha uniandikie tena, kwa maana hapo tutakuwa tunazungumzia jambo jingine kabisa.

Shangazi