Mizani ya Jumatatu: vidokezo kumi vya mchungaji kwa watu wa Njombe na Makambako

Jumapili kila mtu ni mtakatifu. Suti imenyooshwa, kitenge kimefungwa vizuri, kwaya imeshiba uji na sauti zinapanda hadi darini. Kazi inaanza Jumatatu, pale mkulima wa Njombe anapokutana na dalali, na muuza duka wa Makambako anapokutana na abiria wa basi la Songea mwenye haraka. Sisi wachungaji tukiwatembelea waumini katikati ya wiki, tunakuta mambo ambayo mahubiri hayakuyagusa kabisa. Haya hapa kumi.

1. Sali, halafu toa jiko nje.
Juni hadi Agosti baridi ya Njombe haina mjadala. Kuna asubuhi unakuta barafu imelala juu ya majani ya viazi. Ndipo mtu anapoingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, anaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa, analala. Mkaa huo unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua aliyelala kabla hajajua kuna nini. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, sali na familia, kisha jiko lilale nje. Mungu hulinda usiku, ila hajaahidi kuja kufungua dirisha ulilolifunga mwenyewe. Blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza.

2. Gunia lishonwe linapoishia.
Lumbesa tunaijua sote. Gunia la viazi linajaa, linaongezewa kofia ya wavu, linajazwa tena, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100. Ajabu ni kwamba lori lile lile likifika mizani ya Makambako linapimwa, likizidi uzito linatozwa, lakini mkulima aliyelijaza hakupimiwa hata kiazi kimoja. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, dalali anahamia shamba la jirani. Kwa hiyo kataeni kwa pamoja: nunueni mizani ya kikundi, au pitieni chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), muuze kwa kilo. Na wewe dalali unayekaa benchi la mbele, kitabu cha Mithali kimeisema mizani ya hila zaidi ya mara moja. Fungu la kumi la faida ya lumbesa ni mali ya yule mkulima. Mrudishie kabla hujalitia kwenye bahasha ya kanisa.

3. Mtoto ale kabla soko halijala.
Hili linauma. Mkoa wetu unalisha miji mingi kwa mahindi, viazi, maharage na parachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta takribani nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni kama asilimia 30. Chakula kipo, kinapanda lori. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachiwa uji mweupe wa mahindi, trei la mayai limekwenda mnadani. Kabla hujafunga mzigo wa kuuza, tenga wa nyumbani: yai, maharage, maziwa kidogo, parachichi lililoiva. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, hazirudiwi. Akina baba, hili si la mama peke yake. Siku ya kliniki mpeleke mtoto wewe, umwone akipimwa uzito, usome ile kadi kwa macho yako.

4. Usiache dawa kwa sababu umeombewa.
Barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea zinakutana Makambako, reli ya TAZARA inapita hapo hapo, na vibarua wa chai na mbao wanakuja na kuondoka. Kwa sababu hizo na nyingine, Njombe inaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU: utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati kitaifa ni 4.4. Kila usharika una watu wanaoishi na VVU, na wengine wanaimba kwaya vizuri kuliko mimi na wewe. Dawa za ARV ni bure. Anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na analea wanawe hadi wakue. Makanisa yenyewe yana hospitali: Walutheri wana Ilembula, Wamisionari wa Consolata wana Ikonda kule Makete. Wangeona dawa ni upungufu wa imani, wasingejenga wodi. Mchungaji akikuambia uache dozi, tafuta mchungaji mwingine. Na ninyi wachumba, pimeni kabla matangazo ya ndoa hayajasomwa kanisani. Majibu ni yenu wawili. Kamati ya harusi haihusiki.

5. Ikimbie kausha damu kwa miguu yote miwili.
Mikopo ya kausha damu inakuja na tabasamu: hakuna maswali mengi, fedha leo leo. Kabla hujaweka kidole gumba, uliza mambo matatu. Riba ni ya wiki au ya mwezi? Jumla nitakayorudisha ni shilingi ngapi? Ukishindwa, wanachukua nini? Anayetaka kushika kadi yako ya benki na namba ya siri ameshakujibu. Vikundi vya kuweka na kukopa vya jumuiya, yaani VIKOBA, vina kero zake, hasa yule mwanachama ambaye kila akidaiwa anaugua, lakini angalau mnaonana uso kwa uso na riba mmepanga wenyewe. Na tafadhali, usikope ili uchangie harusi. Toa ulichonacho, ukale pilau kwa amani.

6. Panda mti ambao hutaukata wewe.
Parachichi la Hass lililopandikizwa linaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Paini ya mbao nzuri inataka miaka 15 na zaidi. Hapo katikati kuna ada, msiba na mahari, na kila kimoja kinakushawishi uuze msitu mchanga kwa bei ya fito. Gawa shamba: sehemu ya viazi iwe ya mwaka huu, sehemu ya parachichi iwe ya miaka ya kati, sehemu ya paini iwe ya wajukuu. Andika mipaka, na mkeo na watoto waijue, wa kike kwa wa kiume. Jumuiya zetu zimepatanisha ndugu wengi waliogombea miti ambayo marehemu hakuitaja popote. Tena safisha njia za moto kabla ya Septemba. Ukichoma shamba kavu lenye nyasi kiunoni, usimsingizie shetani moto ukivuka.

7. Binti akienda Dar, aende akijulikana.
Nyanda zetu zimepeleka wasichana wa kazi za ndani Dar es Salaam kwa miaka mingi, na safari nyingi huanza kwa shangazi wa mbali aliyekuja msibani na kuondoka na mtoto wa mtu. Shule kwanza: tangu 2016 serikali imefuta ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kwa aliye mkubwa na ameamua kwenda, pata jina kamili la mwajiri, mtaa, namba ya mwenyekiti wa mtaa, na mshahara uliotajwa mbele ya mashahidi. Mpe binti simu yake mwenyewe, hata iwe kitochi. Halafu njoo ofisini uchukue barua ya utambulisho, ili huko aendako kuwe na usharika utakaouliza alipo akikosekana Jumapili mbili.

8. Ulanzi usiendeshe bodaboda.
Mvua zikishika, mianzi inagemwa na vilabu vinachangamka. Asubuhi ulanzi ni mtamu kama juisi. Kufikia jioni umekomaa na umeanza kutoa ushauri. Kama ni dhambi au si dhambi, sifungui mjadala hapa, maana wazee wa kanisa wataitisha kikao kisicho na mwisho. Nasema hivi tu: aliyekunywa asishike usukani, na fedha ya daftari isiingie kwenye lita.

9. Nunua kuku wa mnada kwa moyo.
Ibada ikiisha, kabichi, debe la mahindi na jogoo aliyefungwa miguu hupigwa mnada uwanjani. Ni furaha halali: sadaka ya bibi asiye na noti inageuka mabati ya kanisa. Ila tusipandishe bei kwa kukomoana. Na ukishamnunua yule jogoo, fikiria kumrudisha kwa bibi aliyemtoa. Mhasibu wa usharika hatakuuliza neno.

10. Mchungaji naye apimwe.
Kwanza, mwache apumzike. Kwa wengi wetu Jumatatu ndiyo siku ya kuona watoto wetu na kupalilia mahindi, kwa hiyo simu ya msiba au ugonjwa ije saa yoyote, lakini ugomvi wa sare za kwaya unaweza kusubiri Jumanne. Pili, na hili ni zito zaidi, muulizeni hesabu. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya washarika, risiti zionekane, ahadi za ujenzi zilinganishwe na ukuta uliosimama. Ukiuliza kwa adabu hujamdharau mtumishi wa Mungu. Umemsaidia alale usingizi. Anayekasirika akiulizwa fedha ilikwenda wapi, gunia lake nalo lina lumbesa.